Doña Hermelinda na Pengo la Kobe

Doña Hermelinda Chiliquinga hajawahi kulipa bei ya kwanza. Alipoondoka Salasaca, kule bara kwenye milima ya baridi, alikuwa na miaka kumi na saba, na nauli ya meli ya kwenda visiwani aliishusha hadi nusu kwa kukubali kuwamenyea mabaharia viazi siku zote za safari. Alimenya, akatapika, akamenya tena. Siku ya kushuka mpishi alimwambia, "Binti, wewe utakuja kutuuzia bahari yetu wenyewe." Naye akajibu, "Mkija na bei nzuri."

Sasa ana hamsini na sita. Miaka yake ishirini ya mwanzo kisiwani aliimalizia kwenye panga, akifyeka mora kwenye mashamba ya watu. Mora ni kichaka cha miiba. Wanasema aliyekileta alitamani juisi. Juisi kainywa yeye, miiba katuachia sote. Ukikifyeka leo, wiki ijayo kinakucheka. Goti lake la kulia liliharibikia huko. Na shamba lake mwenyewe, hekta tisa juu mlimani, alilipata kwa panga hilo hilo: mwenye ardhi alikuwa na eneo kubwa lililomezwa na mora na mapera, akamwahidi pembe moja endapo angemsafishia zilizobaki. Bwana yule alidhani mwanamke mfupi vile atachoka kabla ya mwaka. Hakuchoka. Na kwa kuwa alikuwa amemburuta kwa mwanasheria kabla ya kupiga panga la kwanza, pembe yake akaipata, pamoja na muhuri.

Pembe hiyo ilikuwa na vitu viwili ambavyo wakati ule hakuna aliyevitaka. Cha kwanza ni kijisitu cha lechoso, miti ya mbao laini isiyofaa hata boriti ya banda la kuku. Hermelinda hakuikata kwa sababu haikulipa kuikata, basi. Lakini miti ile ina ndevu za kuvumwani mwili mzima, na ukungu wa mlimani ukipita unanaswa humo, unadondoka tone kwa tone hadi kwenye dimbwi lililo chini yake, na dimbwi hilo halikauki. Cha pili ni njia ya kobe.

Kobe wa kisiwa hiki ni wakubwa, dume mmoja ana uzito wa watu wazima watatu au wanne. Kila mwaka nyasi za chini zikikauka hupanda mlima, na hupanda kwa njia ile ile waliyopita mwaka jana, na mwaka juzi, na zamani kabla hakujawa na mtu wa kuwaona. Njia yao ilipita kwenye shamba la chini, ikaingia kwa Hermelinda, ikaishia dimbwini. Hapo walikula mapera yaliyoanguka, wakalala matopeni miezi mitano. Mwanzoni aliwatukana. Kisha magari ya wageni yakaanza kupanda mlima, watu wazima wenye kofia pana wakilia machozi kwa kumwona kobe anakula pera. Hermelinda akatazama jambo hilo wiki nzima, akauza ng'ombe wake wote, akaanza kutoza kiingilio. Akabaki na mifugo isiyo yake, isiyotoa maziwa, na ambayo sheria inamkataza hata kuigusa. Ikawa ndiyo mifugo bora aliyowahi kuwa nayo.

Halafu akawa mwerevu kupita kiasi.

Miaka sita iliyopita alipanda kahawa, safu kumi na mbili, katikati ya njia ile ile, maana ndipo palipokuwa tambarare. Kobe wakaikanyaga miche. Hapo akamwendea jirani yake wa chini, don Olmedo Ordóñez, mtu wa Loja kule bara, mpole wa maneno na mzito wa hesabu, akamwambia kwamba ndama wake wanapotelea juu na ipo siku watapotea kabisa. Don Olmedo akaingiwa na hofu. Akakata vijiti vya porotiyo, ule mti ambao ukichomeka kijiti chake udongoni kinaota majani, akavichomeka mstari mzima wa mpaka, akavuta na waya wa miiba nyuzi tatu, kwa jasho lake na kwa waya wake. Hermelinda alikaa kwenye gogo akitafuna mote, mahindi ya kuchemsha ya kwao, akimsifia mistari ilivyonyooka. Alicheka wiki nzima.

Kobe walipofika wakakuta ukuta. Wakabaki kwa don Olmedo.

Hakuona hasara mara moja. Mwaka wa kwanza kulikuwa na wachache waliokwisha kupita. Mwaka wa pili kahawa ilimshughulisha. Wa tatu mdudu akaingia kwenye buni, na mdudu huyo hajatoka hadi leo. Kahawa anayovuna inatosha kunywa na kulalamikia. Wakati huo don Olmedo, yule mzito wa hesabu, alikuwa amechimba bwawa. Msimu uliopita gari halikupanda hadi kwa Hermelinda hata moja.

Na sasa ni Jumatatu, mwezi wa saba. Jumamosi Narcisa Villacís wa ushirika wa waongoza wageni anakuja kuchagua shamba moja la upande huu la kuletewa magari msimu mzima. Akilikosa, Hermelinda hana njia nyingine ila kurudi kwenye panga la kibarua, na goti lile. Hilo alikwisha kuliapia kwamba halitatokea akiwa hai.

Jumatatu hiyo alishindwa kukaa kitako. Alichemsha maji ya machika, unga wa shayiri iliyokaangwa, akayasahau jikoni, akatoka, akarudi kuchukua kofia, akatoka tena. Akashuka mpakani. Manyunyu yalikuwa yamechelewa mwaka huu. Udongo ulikuwa unatoa vumbi mahali ambapo mwezi wa saba huwa unalia kama vyura chini ya buti. Akaufuata uzio, na katikati akamkuta Mbunge.

Mbunge ni kobe dume, mzee, mwenye gamba lililochanwa zamani na panga la mtu ambaye sasa ni marehemu. Walimwita hivyo kwa sababu anakuja mara moja kwa msimu, anakula, analala, na hakuna aliyewahi kusikia amesema nini. Alikuwa ameweka kichwa kati ya vijiti viwili, na anasukuma. Alipumzika, akapumua kama tairi linalotoka upepo, akasukuma. Ardhi mbele ya miguu yake ilikuwa imechimbika na kuwa laini kama sakafu iliyosuguliwa. Hermelinda akainama kuitazama. Lile halikuwa shimo la siku moja. Huyu alikuwa anakuja hapa kila mwaka.

Akainua macho kufuata mstari wa shingo yake kupanda mlima. Kahawa, kisha lechoso, kisha dimbwi. Sawa sawa kama uzi wa fundi mwashi.

"Njia unaijua, mzee," akamwambia. "Si kosa lako. Mwenye kosa amesimama hapa."

Angeweza kukata vijiti vinne pale pale. Panga lilikuwa kiunoni. Lakini huku mlimani kuna sheria ambayo haijaandikwa mahali popote na hakuna aliyewahi kuivunja akabaki na majirani: aliyechomeka kijiti ndiye mwenye uzio. Kivuli ni chake, matawi ni yake, na panga lisiguse bila yeye kusema. Ule ujanja wake wa kumpandisha Olmedo uzio wa bure ulikuwa umempa Olmedo ufunguo wa mlango.

Jumanne akajaribu mengine. Alirusha mapera mabivu upande wa chini ili kumvuta Mbunge pembeni, mahali ambapo mpaka unaishia kwenye mawe na kobe anaweza kuzunguka. Mbunge aliyatazama mapera. Akasukuma kijiti. Siku nzima Hermelinda alipanda na kushuka na karai la mapera, goti likimlilia, na jioni mapera yote yalikuwa yameliwa na ndama wa don Olmedo.

Jumatano asubuhi don Olmedo akapanda mwenyewe, kofia mkononi.

"Doña Herme, umeamkaje?"

"Na miguu miwili, mmoja mbovu. Sema shida, don Olmedo. Mtu hapandi kilima kile kuja kuuliza nimeamkaje."

"Nimekuja kama jirani."

"Jirani wa kuleta au wa kuomba?"

Akacheka kidogo, akaizungusha kofia. "Bwawa langu limekuwa uji. Jana kobe mmoja kakaa katikati kama bibi kwenye karai. Naona dimbwi lako limejaa. Nivute bomba kwako, mpaka Jumamosi tu."

"Mpaka Jumamosi tu! Na Jumapili wanywe nini, maji ya baraka?"

"Jumapili Mungu ataleta manyunyu."

"Basi mwombe ayalete Ijumaa." Alimsogezea kiti, maana hata adui hukaa. "Sikiliza. Nipe pengo la vijiti vinne, nikupe maji."

"Pengo nikikupa, kobe watayafuata maji huku huku kwako. Mimi nitabaki na bomba."

"Bomba zuri, lakini."

"Doña, uzio ni wangu. Nimechomeka mimi, kijiti kwa kijiti. Nawe ulikaa pale juu ya gogo unanisifia mistari ilivyonyooka."

"Ilikuwa imenyooka kweli."

"Miaka sita nilikuwa najiuliza kwa nini ulikuwa unacheka," akasema don Olmedo taratibu. "Sasa sijiulizi tena."

Alikunywa yote kahawa aliyomiminiwa, akasema ni chungu, akashuka. Hermelinda alibaki mlangoni akihesabu siku kwa vidole. Yeye ana maji, mwenzake ana mlango. Atakayengoja zaidi ndiye atakayeshinda, na alijua kwamba Olmedo hajui kungoja; ila safari hii Olmedo alikuwa na kobe watatu matopeni na yeye hana hata mmoja. Mwenye kobe watatu hata kwenye uji yuko mbele ya mwenye maji safi na bata wawili.

Alhamisi alishuka mpakani mara nne. Mara ya nne ukungu ulikuwa umeanza kushuka kidogo, mwembamba kama moshi wa kuni mbichi, na aliona wekundu kwenye ngozi ya Mbunge. Waya wa katikati ulikuwa umemkwaruza shingo. Jeraha dogo, refu kama kidole, damu imeshakauka. Ngozi ya mnyama yule ni kama ya buti. Kesho angekuwa amesahau. Lakini lilikuwa jeraha.

Hermelinda hakutabasamu. Alifunga shuka yake nyeusi vizuri, akavaa kofia nyeupe ya sikukuu, akazunguka kwa barabara hadi getini kwa don Olmedo, ili asionekane ametoka uzioni. Alimkuta anachota tope kwa beleshi.

"Nimekuja kukiri, don Olmedo. Una haki. Uzio si wangu."

Akaacha beleshi. "Mbona mapema hivi?"

"Nimefikiri. Ni wako, vijiti vyote?"

"Vyote. Kila mtu anajua."

"Na waya?"

"Waya nilinunua mimi bandarini, nikaubeba mgongoni! Wangu, kijiti na waya!"

"Vizuri. Basi waya wako umemchana Mbunge shingo."

Don Olmedo akatupa beleshi, akaenda mbio hadi mpakani, Hermelinda nyuma yake akichechemea. Akaliona jeraha. Akavua kofia.

"Kumgusa kobe ni kosa," Hermelinda akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Kumsukuma ni kosa. Kumwekea waya njiani mpaka atoke damu, sijui walinzi wa hifadhi wanaliitaje hilo. Na Jumamosi Narcisa anakuja na daftari."

"Wewe ndiye uliyeniambia niufunge!"

"Andiko liko wapi?"

"Doña Herme!"

"Ndama wanapotea, nilisema. Kobe nilimtaja? Nilitaja waya?"

Olmedo akamtazama kama mtu aliyeuziwa punda akakuta ni mbuzi. Midomo yake ilitikisika, halafu akaanza kucheka bila kutaka, kicheko kikavu cha pua. "Mama yako alikunyonyesha nini, mwanamke wewe?"

"Shayiri. Unakata au hukati?"

"Nakata. Vinne."

"Na waya wote wa upande ule unautoa."

"Nautoa. Na mimi nabaki na nini?"

Hapa mtu mwingine angenyamaza na kuondoka na ushindi wake. Hermelinda amefanya biashara muda mrefu kiasi cha kujua kwamba jirani aliyeachwa mikono mitupu hurudi na panga. "Unabaki na maji. Leta bomba lako leo. Si mpaka Jumamosi, mpaka manyunyu yashuke sawa sawa."

Ijumaa walikata. Porotiyo wa miaka sita si kijiti tena, ni mguu wa mtu. Walikata kwa zamu, yeye akikata amekaa chini kwa sababu ya goti. Saa nne pengo likawa wazi, pana, limesafishwa, na waya umeviringishwa pembeni. Wakarudi nyuma hatua kumi wakangoja.

Mbunge hakuondoka. Alirudisha kichwa ndani ya gamba. Akalala.

"Amezoea kusukuma," akasema don Olmedo. "Kama baba mkwe wangu. Ukimpa anachodai, anakosa la kufanya."

Mchana ukapita. Hermelinda alikaa, akasimama, akaenda kuangalia bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote, akarudi. Alikula ndizi nusu, akampa Olmedo nusu. Giza likaingia, naye kobe bado mlangoni kama mgeni aliyesahau amekuja kwa nani.

Jumamosi Narcisa Villacís alifika na buti za mpira na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ni mzaliwa wa kisiwani, mwanamke wa maneno machache, ambaye hajawahi kukubali soda ya mtu kabla ya kumaliza kazi. Kwa don Olmedo alikuta kobe watatu kwenye maji yaliyojaa upya, akaandika. Kisha wote wakapanda mpakani.

Mbunge alikuwa ameamka. Alikuwa amesimama juu ya miguu yake yote minne kama meza, shingo imenyooshwa juu kabisa, na chiriku wawili weusi walikuwa wanamrukia huku na huku wakimdonoa kupe mikunjoni. Hakutikisika. Narcisa akainua mkono, wakasimama. Chiriku mmoja akaingia hadi chini ya mguu wa nyuma, akatoka na kitu mdomoni. Hermelinda aliona hayo yote na hakuona chochote. Alikuwa anatazama miguu ya mbele.

Ndege wakaruka. Kobe akajishusha. Akainua mguu mmoja, akauweka upande wa pili wa pengo.

"Haya," akanong'ona don Olmedo. "Haya, mzee, haya."

Hermelinda alikuwa amepanga mawe tangu jana yake kumwonyesha Mbunge njia ya kushoto, kuizunguka kahawa. Mbunge alipita juu ya mawe kana kwamba ni makombo. Akaelekea mibuni moja kwa moja, akaingiza kichwa kati ya mashina mawili, na akaanza kusukuma.

Narcisa akafungua daftari. "Doña, hapa njia imezibwa. Siwezi kuleta wageni waone kobe anapigana na mibuni. Kwa msimu huu naandika kwa don Olmedo peke yake."

"Usiandike."

"Nimeshaandika."

"Futa. Kalamu gani hiyo isiyofutika?"

Hakungoja jibu. Alizunguka mbele ya kobe, hatua mbili mbali kama sheria inavyotaka, akachomoa panga, akakata mbuni wa kwanza. Akakata wa pili. Alikata akirudi nyuma, mlima uko mgongoni mwake, kobe yuko mbele yake, na kila alipoangusha mbuni mmoja Mbunge alisogea mahali ulipokuwa. Miaka sita ya kahawa. Ilikuwa na mdudu, ni kweli, lakini ilikuwa na maua pia mwaka huo, na maua yalimwangukia kofiani. Kwenye safu ya tano goti likakataa. Akapiga magoti mawili, akaendelea hivyo.

Don Olmedo akavua koti. "Kata kushoto, doña, mimi nachukua kulia. Na kuni za upande wangu ni zangu."

"Nusu."

"Nusu yangu ni hiyo ya kulia!"

"Basi nusu ya hiyo."

Walifika mwisho wa safu ya kumi na mbili saa sita. Mbunge akapita katikati yao bila kuwatazama, akaingia chini ya lechoso, na wakasikia maji yakipokea mzigo. Bata wakaruka wakilalamika.

Hermelinda aliketi chini pale pale, akapumua, kisha akasema na Narcisa kutoka ardhini. "Magari yabaki kwake chini. Wageni wapande kwa miguu kupitia pengo, waone njia yenyewe, waje kula kwangu. Mashamba mawili, gharama ya moja kwako. Wapi utapata hiyo?"

Narcisa alijikuna shingo kwa kalamu. "Leo nimeona kobe mmoja, doña. Kobe mmoja ni bahati. Narudi baada ya siku kumi. Nikikuta ni huyu tu, wageni hawapandi."

"Siku kumi na nne."

"Kumi."

Hizo siku kumi hakulala vizuri hata moja. Manyunyu yalikuja, yakaondoka, yakaja tena na kukaa, na kwenye ukungu kila jiwe la mlimani linafanana na kobe. Aliteremka pengoni alfajiri, adhuhuri na jioni. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu jike dogo alifika katikati ya pengo, akala majani ya porotiyo yaliyokatwa, akageuka akarudi kwa don Olmedo. Hermelinda alimtukana kwa Kikichwa, lugha ya kwao milimani, taratibu, neno kwa neno. Siku ya tano akarudi tena, akapita. Siku ya saba walipita wawili pamoja, wakikanyaga nyayo zile zile za Mbunge kati ya visiki vya kahawa, na wa nyuma alijisaidia mbegu za mapera njia nzima. Siku ya tisa alimkuta mwingine juu, chini ya lechoso, ambaye hakumwona akipita, hajui alipita saa ngapi.

Siku ya kumi Narcisa alipanda kwa miguu kupitia pengo. Alimkuta Hermelinda juu ya ngazi, misumari mdomoni, anapiga bati kwenye banda jipya la meza. Narcisa akazunguka dimbwi, akahesabu watano, akahesabu tena, akafungua mfuko wa nailoni.

"Naandika, doña. Kuanzia Jumatatu."

Hermelinda hakushuka. Alitoa msumari mmoja mdomoni, akaulenga.

"Andika na chakula," akasema. "Saa sita. Wakichelewa, wanakula kilichopoa, kwa bei ile ile."